Urekebishaji wa kiungo cha fimbo ya pool

Urekebishaji wa kiungo cha fimbo ya pool ni kazi ya ufundi inayohusu mahali ambapo vipande viwili vya fimbo ya kuchezea pool, au mchezo mwingine wa biliadi, huungana kwa skrubu. Kiungo kikiharibika, fimbo hulia inapogonga mpira, hulegea mkononi, huonekana kama imepinda, au hukataa kufunguka. Kasoro nyingine huisha kwa kitambaa na spiriti kidogo. Nyingine huhitaji mashine ya kukereza na siku nzima ya kungoja gundi ikauke.

Ugumu wa kazi hii hauko katika kuishika skrubu isitoke, maana gundi yoyote nzuri huweza kuishika. Uko katika kuzirudisha nusu mbili za fimbo kwenye mstari mmoja. Kiungo cha kawaida kina kipenyo cha milimita 21 hivi, na nusu ya mbele ya fimbo ina urefu wa sentimita 73 au 74. Kwa hiyo, uso wa kiungo ukiinama kwa sehemu moja ya kumi ya milimita tu upande mmoja, ncha ya fimbo huhama kwa milimita tatu na nusu. Jicho haliwezi kuuona mwinamo huo kwenye kiungo, lakini mchezaji huuona mara moja fimbo inapobingirika mezani. Ndiyo sababu fimbo nyingi zilizogundishwa nyumbani hushika imara kabisa na hata hivyo hazichezeki tena.

Kiungo kilivyo

Fimbo ya pool ya mtindo wa Kimarekani huwa na urefu wa takriban sentimita 147 (inchi 58) na uzito wa gramu 510 hadi 600, nayo hugawanyika katikati. Nusu ya mbele, iliyo nyembamba, inaitwa ufito katika makala hii, na nusu ya nyuma inaitwa kitako. Ufito kwa kawaida hutengenezwa kwa mepo, mti mgumu mweupe wa Amerika ya Kaskazini ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Ncha yake huwa na kipenyo cha milimita 12 au 13. Fimbo za snuka na za pool ya Kiingereza zina ncha ndogo zaidi. Nyingi kati yake hukatwa kwenye robo tatu ya urefu, karibu na mkono wa nyuma, na nyingine hazikatwi kabisa.

Skrubu hugundishwa ndani ya kitako na kutokeza nje kwa sentimita chache. Ufito una tundu lenye hesi za kuipokea. Katika fimbo chache mpango huu umegeuzwa, yaani skrubu imo katika ufito. Kila nusu huishia kwenye pete ya chuma kisichoshika kutu, ya shaba, ya plastiki au ya fenoliki (aina ya plastiki ngumu inayotengenezwa kwa tabaka za nguo au karatasi). Pete huzuia mbao isipasuke mahali hapo.

Kuna aina mbili kuu za kiungo. Katika kiungo bapa, hesi hukatwa moja kwa moja ndani ya mbao ya ufito, au ndani ya kipande cha fenoliki, na nyuso mbili hukutana zikiwa tambarare. Katika kiungo cha chuma chenye mdomo, ufito una bomba fupi la shaba lililogundishwa ndani, nalo hutokeza kidogo na kuingia katika pete ya chuma ya kitako kwa kubana. Tofauti hii ni muhimu kwa fundi. Katika kiungo bapa kinachochakaa ni mbao yenyewe, wakati katika kiungo cha mdomo hesi za shaba hudumu miaka mingi, na kinachoachia ni gundi inayolishika bomba.

Skrubu zina vipimo vingi visivyopatana. Vilivyoenea zaidi ni inchi 5/16 yenye hesi 14 au 18 kwa inchi, na inchi 3/8 yenye hesi 10 au 11. Kuna pia skrubu za kufunga haraka ambazo ni za kampuni moja moja. Skrubu ya 3/8 yenye hesi 10 na ile yenye hesi 11 hufanana mno kwa macho. Mtu akijaribu ufito wa rafiki yake kwenye kitako chake, mizunguko miwili ya kwanza huingia vizuri, kisha hukaza. Akilazimisha, hesi za mbao huliwa. Hiki ni kisababishi kimojawapo cha uharibifu ambacho hakina uhusiano wowote na ubovu wa fimbo.

Historia kwa ufupi

Fimbo ya vipande viwili ilijitokeza mwaka 1829, miaka michache tu baada ya ncha ya ngozi kukamilishwa. Ncha hiyo huhusishwa na Mfaransa François Mingaud. Kwa muda mrefu kiungo kilionekana kama njia ya kurahisisha ubebaji tu. Mafundi wa Marekani wa karne ya 20 ndio waliokifanya kuwa jambo la kubishaniwa. Anayetajwa zaidi ni George Balabushka (1912–1975), mzaliwa wa Urusi aliyehamia New York na kuanza kutengeneza fimbo mwaka 1959. Kiungo chake cha chuma chenye mdomo kiliigwa na wengi. Jina lake lilivuma hata kwa wasiocheza baada ya filamu The Color of Money ya mwaka 1986, ingawa fimbo iliyoonekana katika filamu hiyo haikuwa yake bali ya kampuni ya Joss.

Kutambua kasoro

Uchunguzi huanza kwa kubingirisha fimbo juu ya meza. Fimbo nzima hubingirishwa kwanza ikiwa imefungwa, kisha kila nusu peke yake. Nusu zote mbili zikienda sawa lakini fimbo iliyofungwa ikayumba, kasoro iko kwenye kiungo. Ufito ukiyumba peke yake, mbao ndiyo iliyopinda, na kutengeneza kiungo hakutasaidia chochote. Wachezaji wenye fito mbili za kitako kimoja wana kipimo bora zaidi: fito zote mbili zikiyumba vilevile kwenye kitako hicho, kosa liko upande wa kitako, yaani skrubu au uso wake. Ukiyumba mmoja tu, kosa ni la ufito huo.

Hatua ya pili ni kuiinua fimbo kuelekea kwenye mwanga na kutazama mstari wa kiungo. Mwanga ukipenya upande mmoja, nyuso hazikutani. Mara nyingi sababu ni uchafu tu: chaki, jasho, nta na vumbi vilivyogandamana kuwa tabaka gumu. Kiungo husafishwa kabla ya kuhukumiwa.

Mlio huchanganya zaidi. Fimbo inayolia wakati wa kugonga mpira husingiziwa kiungo karibu kila mara, lakini mlio huohuo huweza kutoka kwa ncha ya ngozi iliyoachia upande mmoja, kwa boliti ya uzito iliyolegea ndani ya kitako, au kwa mpira wa chini wa kitako. Boliti hukazwa kwanza, kwa kuwa ni kazi ya dakika moja. Mlio ukibaki, kitako hushikwa chini kidogo ya kiungo, na skrubu husukumwa kwa kidole huku na huku. Skrubu nzima haisogei hata kidogo. Ikisogea, hata kama ni kwa kiasi cha kuhisiwa tu bila kuonekana, gundi yake imekufa.

Nyufa hutafutwa mwisho, chini ya taa kali. Ufa wa ufito huanzia kwenye tundu la skrubu na kupanda kufuata nyuzi za mbao. Ukipakwa tone la spiriti hubaki na mstari mweusi wakati sehemu nyingine zimeshakauka.

Kazi ndogo

Kiungo kinachobana au kisichokutana vizuri husafishwa kwa mswaki mkavu kwenye hesi na kitambaa chenye spiriti kidogo kwenye nyuso. Maji hayatumiki, kwa sababu mbao ya ndani ya tundu haina vanishi na huvimba. Baada ya kukauka, nta kidogo ya mshumaa hupakwa kwenye hesi za skrubu na kufutwa. Mafuta ya mashine hayafai: hupenya ndani ya mbao, huilainisha, na baadaye huzuia gundi yoyote kushika. Fundi anayekuta mafuta kwenye tundu hana budi kukata mbao zaidi ya ambavyo angehitaji.

Kiungo kilichogoma kufunguka hakifunguliwi kwa koleo. Meno ya koleo huacha alama za kudumu, na pete nyembamba huweza kupasuka. Watu wawili, kila mmoja akishika nusu yake kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, huweza kutoa nguvu kubwa bila kuumiza fimbo. Mmoja huzungusha na mwingine hushikilia tu, na wote wawili huiweka fimbo imenyooka, kwani ikikunjwa katikati ya kuzungusha, skrubu hupinda. Kama mbao imevimba kwa unyevu, kuiacha fimbo siku mbili tatu ndani ya chumba kikavu mara nyingi huifungua bila ugomvi.

Hesi za mbao zilizolika

Ufito unaoingia kwa urahisi mno na kucheza kidogo kabla ya kukaza una hesi zilizochakaa. Zikiwa bado zina umbo, huimarishwa kwa gundi ya haraka ya aina nyepesi kama maji, ile inayouzwa kwa jina la supa gluu. Matone machache huachwa yatembee ndani ya tundu huku ufito ukizungushwa polepole, yanayozidi hufutwa kwa kijiti chenye pamba, na ufito huachwa ukauke kabisa. Gundi hunyonywa na nyuzi za mbao na kuzigeuza kuwa kitu kinachokaribia plastiki. Kisha hesi hukatwa upya kwa kikata-hesi cha kipimo kilekile, kwa mkono, kikirudishwa nyuma kila nusu mzunguko ili kutoa unga. Ufito haufungwi kwenye skrubu kabla gundi haijakauka. Kosa hilo limezigeuza fimbo kadhaa za vipande viwili kuwa fimbo za kipande kimoja.

Hesi zikiwa zimekwisha, hakuna gundi itakayozirudisha. Tundu lote hupanuliwa, kizibo cha mepo au cha fenoliki hugundishwa ndani, na tundu jipya lenye hesi hukatwa katikati ya kizibo. Kazi hii haifanyiki kwa keekee ya mkono. Keekee hufuata njia nyepesi katika mbao, na katika kina cha sentimita nne au tano huweza kwenda upande bila mtu kujua. Kwenye mashine ya kukereza, ufito wenyewe ndio unaozunguka na kisu kimetulia, hivyo tundu hulazimika kuwa katikati. Hata hivyo fundi mzuri hatumii keekee peke yake mashineni: hutoboa kwanza tundu dogo, kisha hulipanua kwa kisu cha ndani kinachokata upande mmoja, kwa kuwa kisu hicho husahihisha kosa lolote lililoachwa na keekee.

Skrubu iliyolegea au kupinda

Skrubu iliyolegea haigundishwi juu ya gundi ya zamani. Hutolewa nje kabisa. Chuma hupashwa moto kwa hauzi, kile chombo cha mafundi redio cha kuunganishia nyaya kwa risasi, kikiegemezwa kwenye kichwa cha skrubu kwa dakika chache. Joto hushuka kwenye chuma na kuilainisha epoksi. Moto wa wazi hautumiwi, maana vanishi huungua na pete za mapambo huachia. Kisha skrubu huzungushwa nje. Ile ya 5/16 yenye hesi 18 hushikwa kwa nati mbili zilizokazwa moja juu ya nyingine, kwani kipimo hicho kinauzwa madukani kama boliti ya kawaida. Vipimo vingine vitatu vilivyotajwa juu havina nati za dukani, na fundi hulazimika kujikatia hesi katika kipande cha alumini au fenoliki, kisha kukipasua upande mmoja ili kiweze kubana.

Skrubu iliyopinda hainyooshwi. Ikinyooshwa ikiwa ndani, hupanua tundu lake. Ikinyooshwa nje, haiwi nyoofu kwa kipimo kinachotakiwa. Hubadilishwa.

Tundu husafishwa gundi yote ya zamani, na mbao zenye mafuta hufutwa kwa asetoni kabla tu ya kugundisha. Hili lahusu hasa vitako vya mpingo. Mti huo wa Tanzania na Msumbiji hupendwa na watengenezaji wa fimbo kwa uzito na weusi wake, lakini mafuta yake hukataa gundi. Skrubu mpya hukwaruzwa kwa msasa na kuchorwa mfereji mwembamba ubavuni kwa tupa. Mfereji huo hauna urembo: skrubu inapoingia katika tundu lililojaa gundi, hugeuka kuwa kama bomba la sindano, na gundi isipopata pa kutokea hupasua kitako kutoka ndani. Hutumika epoksi inayokauka polepole, ya saa 24. Ile ya dakika tano ni rahisi kupatikana, lakini huwa dhaifu zaidi na haimpi fundi muda wa kupima.

Upimaji hufanywa gundi ikiwa bado mbichi. Kitako huzungushwa polepole mashineni, na saa ya kupimia huwekwa kwenye skrubu, karibu na uso na tena karibu na ncha yake. Mahali ambapo hakuna mashine, njia inayotumika ni kupaka nta nene kwenye nyuso zote mbili na kwenye hesi za nje, kufunga ufito kwa mkono, na kubingirisha fimbo nzima mezani hadi itulie, kisha kuisimamisha ikauke. Njia hii huacha nyuso za kiungo ziiongoze skrubu, na hufaulu pale tu nyuso zenyewe zilipo sawa. Nta ikikosekana mahali pamoja, gundi huunganisha fimbo nzima.

Nyufa na pete

Ufa mfupi wa ufito hujazwa gundi nyepesi huku ufa ukifunguliwa taratibu, kisha sehemu yote huzungushiwa kwa kubana ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira hubana pande zote sawasawa, jambo ambalo jiliwa haliwezi kulifanya kwenye kitu cha duara. Ufa uliovuka urefu wa tundu la skrubu ni habari nyingine. Gundi huushika kwa muda, lakini kila pigo hurudi kuufungua, na ufito wa namna hiyo hubadilishwa.

Pete iliyopasuka hukatwa kwa kukerezwa hadi mbao ionekane, na mpya hugundishwa ikiwa kubwa kidogo kuliko inavyohitajika, kisha hukerezwa pamoja na fimbo hadi kidole kisihisi mpaka. Mwisho wa kila kazi kubwa, uso wa kiungo hupitishwa kisu chembamba ili uwe mraba kamili na mhimili wa fimbo. Kila mara uso unapokatwa fimbo hupungua kidogo, na katika kiungo cha mdomo hata ubanaji hubadilika, kwa hiyo hukatwa kiasi cha chini kabisa.

Viungo vya pembe na fimbo za thamani

Fimbo nyingi za zamani zina pete za kiungo zilizotengenezwa kwa pembe za ndovu. Mchezo wa biliadi na pembe una historia ndefu inayoigusa Afrika Mashariki: katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe zilizotoka bara, na sehemu yake iliishia kuwa mipira ya biliadi Ulaya na Marekani. Kama malighafi ya kiungo, pembe ina tatizo lake. Husinyaa na kupasuka hewa inapokauka, na joto la hauzi huiharibu.

Kubadilisha pete ya pembe kwa nyingine ya pembe si suala la ufundi peke yake. Mwaka 1989 Kenya iliteketeza tani 12 za pembe jijini Nairobi, na mwaka huohuo nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubali kumweka ndovu wa Afrika katika Orodha ya Kwanza, pendekezo ambalo Tanzania ilikuwa miongoni mwa walioliwasilisha. Biashara ya kimataifa ilifungwa kuanzia mwaka 1990. Marekani, ambako fimbo nyingi za aina hii ziko, ilizuia karibu biashara yote ya ndani ya pembe za ndovu wa Afrika mwaka 2016. Mafundi sasa hutumia plastiki zinazofanana na pembe, na hata fimbo ya zamani ambayo haijaguswa huweza kumletea shida msafiri anayevuka nayo mpaka.

Kwa fimbo ya mtengenezaji maarufu, ukarabati wenyewe huweza kuwa hasara. Wakusanyaji hulipia kiungo cha asili, na kitako cha Balabushka kilichobadilishiwa skrubu kwa kipimo kingine hupoteza sehemu ya thamani hata kama sasa kinacheza vizuri zaidi. Kwa fimbo ya namna hiyo fundi husafisha, hurudisha skrubu ileile, na huacha mengine. Kwa fimbo ya bei nafuu hesabu ni kinyume: kutengeneza kizibo na hesi mpya huweza kugharimu kuliko ufito mpya, na kununua ufito ndiko kunakofaa, mradi kipimo cha skrubu kijulikane kwanza.

Katika Afrika Mashariki

Katika baa na vijiwe vya Afrika Mashariki, wachezaji wengi hutumia fimbo za mwenye meza, ambazo mara nyingi ni za kipande kimoja. Fimbo ya vipande viwili huwa mali ya mchezaji mwenyewe, naye akiharibikiwa hana fundi wa fimbo wa kumwendea. Karakana za kukereza vyuma zipo katika miji mingi na mashine zake zinatosha kabisa kwa kazi hii. Kinachokosekana ni mazoea ya mbao: fundi wa vyuma hubana kwa nguvu inayofaa chuma, na meno ya mashine huacha alama kwenye ufito. Kipande cha bomba la plastiki kilichopasuliwa, kikiwekwa kati ya meno na mbao, huondoa hatari hiyo, na ncha ndefu inayoning'inia nje ya mashine hushikiliwa ili isipigepige.

Mwambao una tatizo la ziada la unyevu. Mbao huvimba kwa upana zaidi kuliko kwa urefu, hivyo tundu la kiungo bapa husinyaa na kutanuka fimbo inapotoka Mombasa au Dar es Salaam kwenda bara na kurudi. Vifuniko vya skrubu na tundu, ambavyo huuzwa pamoja na fimbo nyingi na kupotea mapema, hupunguza mabadiliko hayo na pia huzuia skrubu kugongwa ndani ya mkoba. Mbao ya uso wa kiungo iliyobaki wazi baada ya ukarabati hupakwa tabaka jembamba la gundi nyepesi au vanishi, na husuguliwa kwa msasa laini ulioviringishwa kwenye kipande bapa, kamwe si kwa msasa ulioshikwa kwa vidole, kwani vidole huuviringisha ukingo na mwanga huanza tena kupenya.